Mama anayenyonyesha, kesi ya franga (pesa) za kikundi: kuna adhabu ya nje ya gereza hapa Lubumbashi?

mama_wa_katuba

Habari zenu nyote. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Katuba na tunaanza kusaidia wanawake waliokamatwa au waliohukumiwa. Kesi zinazotufikia zinafanana sana: mwekahazina wa kikundi cha akiba ameshtakiwa abus de confiance (kula mali aliyokabidhiwa), mama amechukua bidhaa kwa deni na hakulipa, au wauzaji wawili sokoni wametukanana hadi kufikishana kwa OPJ (afisa wa polisi anayepeleleza makosa). Karibu wote wana watoto, na wengine wananyonyesha.

Tumesikia kwamba nchi nyingine mwanamke kama huyo anahukumiwa kufanya kazi za jamii, analala kwake na anapata mshauri. Tunaweza kuomba hilo hapa tripaix (tribunal de paix, mahakama ya chini)? Kama haliwezekani, tuombe nini, na tuandike nini ili hakimu atusikie? Hatuna franga za kulipa avoka (wakili) kwa kila kesi.

---

avoka_kamalondo

Mama, kwa mtu mzima jibu ni hapana. Kifungu cha 5 cha code pénal, sheria ya adhabu ya Kongo (décret ya tarehe 30 Januari 1940 pamoja na marekebisho yake) kinataja adhabu moja moja: kifo, travaux forcés (kazi za lazima), servitude pénale (kifungo), faini, kunyang'anywa mali iliyohusika na kosa, kukatazwa kufika mahali fulani, kulazimishwa kukaa mahali fulani, kuwekwa chini ya uangalizi wa serikali. Travaux d'intérêt général, yaani hizo kazi za jamii, hazimo. Na msizichanganye na travaux forcés, ile ni adhabu nzito ya mwaka 1 hadi 20. Mkiandika barua ya kuomba «kazi za jamii», hakimu hana kifungu cha kuegemea, ataiweka pembeni. Afisa wa kumfuatilia mtu aliyehukumiwa akiwa nyumbani hayupo pia.

Lakini milango ipo, na mingi iko kabla ya hukumu. Vikundi vingi vinakuja siku ya hukumu, wakati mama ameshakaa ndani miezi. Nguvu zenu ziwekeni kwenye wiki ya kwanza.

Saa 48 za kwanza: hapo ni kwa OPJ. Katiba, kifungu cha 18, inasema garde à vue (kushikiliwa na polisi) haipiti saa 48, na mtu ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake na avoka wake. Hapa angalieni kwanza kama kuna kosa au ni deni tu. Abus de confiance (kifungu cha 95, livre II ya code pénal, miezi 3 hadi miaka 5) inadai kitu kiwe kimekabidhiwa kwa masharti ya kurudishwa au kutumiwa kwa kazi maalum. Mwekahazina anaweza kuingia hapo. Mama aliyekopa mifuko ya unga akashindwa kulipa haingii: hilo ni deni, kesi ya madai. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, kifungu cha 11, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba, na Kongo imo ndani yake tangu 1976. Itajeni sentensi hiyo kwenye barua.

Kwa makosa madogo kuna amende transactionnelle (faini ya kumaliza kesi bila mahakama): OPJ au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) akiona mahakama ingeishia kwenye faini tu, anaweza kumwalika alipe kiasi kisichozidi faini ya juu ya kosa hilo, na dosiye (jalada la kesi) inafungwa. Inalipwa kwa Hazina ya serikali, kwa risiti. Isiyo na risiti haikufunga kitu.

Kisha parke. Ili mtu awekwe détention préventive (kizuizi kabla ya hukumu) lazima kuwe na dalili nzito, na kosa liwe la miezi 6 au zaidi. Chini ya hapo inabidi kuwe na hofu ya kutoroka, au asijulikane ni nani, au usalama wa watu udai hivyo. Chukueni injures publiques (matusi mbele ya watu): siku 8 hadi miezi 2. Mama wa soko mwenye anwani inayojulikana hana sababu ya kulala kasho (mahabusu) kwa matusi. Attestation de résidence (cheti cha makazi) ya chef de quartier (mkuu wa mtaa), ikifika siku ile ile, inaondoa sababu mbili kati ya hizo tatu. Ndiyo maana nasema karatasi moja ya siku ya kwanza inazidi hotuba ya mwezi wa tatu.

Mandat (hati ya kukamata) ya parke ni ya siku 5, ili afikishwe mbele ya hakimu. Hakimu akikubali azuiliwe, ni siku 15, baadaye mwezi mmoja mmoja. Kama adhabu ya juu haizidi miezi 2, kurefusha ni mara moja tu. Kama ni miezi 6 na kuendelea, mara tatu mfululizo, na zaidi ya hapo ni hakimu katika kikao cha wazi. Kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa kumzuilia: saa 24. Andikeni hizo tarehe ukutani, kila mama kwa jina lake, kwa sababu kinachowaweka wengi ndani ni kwamba hakuna aliyehesabu.

Siku hiyo ya kuamua kizuizi ndipo mnaomba liberté provisoire (kuachiliwa kwa muda kesi ikiendelea). Hakimu anaweza kuweka caution (franga za dhamana) na masharti: asihame mji, asifike mahali fulani, aripoti kwa magistrat (hakimu au afisa wa parke) kwa siku zilizopangwa. Kwa vitendo, hiki ndicho kitu kinachokaribia zaidi kile mnachoulizia: yuko kwake, anafuatiliwa, na watoto wako naye.

---

mama_wa_katuba

Asante sana. Na hukumu ikishatoka, sursis (adhabu iliyosimamishwa) inafanyaje kazi? Na ni wapi tunapata avoka wa bure?

---

avoka_kamalondo

Avoka wa bure: barreau (chama cha maavoka) ina bureau de consultation gratuite (ofisi ya ushauri wa bure). Nendeni na certificat d'indigence (cheti cha kukosa uwezo) kutoka Affaires sociales (ofisi ya ustawi wa jamii), iombwe mapema, msisubiri siku ya kikao. Na mwambieni avoka wa pro deo (huyo wa bure) mapema kwamba nyinyi mtaleta karatasi, kwa kuwa mara nyingi yeye anapokea dosiye bila kujua kama mama ana mtoto.

Sursis ni kifungu cha 42 cha code pénal. Masharti ni mawili. Kwanza, servitude pénale anayopewa (siyo ile ya juu iliyoandikwa kwenye sheria) isipite mwaka 1. Pili, asiwe amewahi kuhukumiwa kwa kosa linaloadhibiwa kwa zaidi ya miezi 2. Hakimu anaweka muda wa majaribio usiozidi miaka 5. Asipohukumiwa tena kwa kosa la aina hiyo ndani ya muda huo, hukumu inahesabiwa kana kwamba haikuwepo.

Kwa hiyo abus de confiance ya hadi miaka 5 bado inaweza kuishia kwenye sursis, mradi hakimu apewe sababu za kushuka hadi miezi 12 au chini. Hapo zinaingia circonstances atténuantes (sababu za kupunguza adhabu), na hizo haziombwi kwa machozi: zinaletwa kwa karatasi. Angalieni pia hesabu: servitude subsidiaire, ile anayofungwa asipolipa faini, inaingia ndani ya ule mwaka mmoja. Avoka aombe jumla yote ikae chini.

Tatizo linalowakamata wengi baada ya furaha ya sursis ni dommages-intérêts (fidia). Sursis inasimamisha adhabu, haifuti fidia ya mlalamikaji, na contrainte par corps (kufungwa kwa kutolipa) kwa ajili ya fidia na gharama inaweza kufika miezi 6. Mama katoka mahakamani akiimba, miezi mitatu baadaye karudi ndani kwa sababu hakuna aliyepanga malipo. Rufaa ya hukumu yenyewe ni siku 10.

Jambo jingine: sursis ya hapa haina masharti ya kuhudhuria mafunzo wala ushauri. Msimwambie mama «usipokuja kwenye kikao chetu utarudishwa gerezani». Si kweli, na akigundua hatawaamini tena.

---

assistante_sociale_ruashi

Kuhusu karatasi. Hakimu wa tripaix ana dosiye nyingi, hivyo barua iwe ukurasa mmoja na viambatisho nyuma. Vinavyofanya kazi ni hivi: kopi ya carte d'électeur (kadi ya mpiga kura), attestation de résidence yenye avenue na namba ya parcelle, yaani kiwanja (siyo «karibu na kanisa»), fiche ya CPN (kliniki ya wajawazito) kama ana mimba au karte ya chanjo ya mtoto kama ananyonyesha, orodha ya watoto, umri wao, na nani anawatunza sasa, barua ya mdhamini na kopi ya karte yake, na mpango wa kurudisha franga.

Mdhamini anaharibu dosiye kuliko kitu chochote. Asiwe mume kama franga zilipitia kwake. Asiwe mwanachama wa kikundi kilichoshtaki. Awe mtu mwenye kazi inayoonekana, anayeishi commune ile ile, na simu ambayo itapokelewa. Magistrat akipiga mara moja, simu imezimwa, basi. Wekeni namba mbili.

Mpango wa malipo: kiasi, tarehe, na jina la atakayepokea mbele ya mashahidi. Kiasi kiwe kidogo kinacholipika. Mama wa mboga akiahidi kulipa kila wiki zaidi ya faida yake, atakosa awamu ya pili, na mlalamikaji ataenda nayo kwa hakimu kama ushahidi wa nia mbaya. Na lugha ya karatasi hiyo avoka aisome kwanza! «Nakubali kuwa nadaiwa» na «nakubali kuwa nilikula franga za watu» ni mbali sana. Nimeona hiyo ya pili ikisainiwa mbele ya OPJ kwa kudhani inasaidia. Ile ni kukiri kosa.

Mkitaka kumtajia hakimu msingi wa kimataifa, tumieni Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, za 2010, ziko 70. Namba ya 64 inasema kwa mwanamke mjamzito au mwenye watoto wanaomtegemea, adhabu isiyo ya gereza ipendelewe inapowezekana na inapofaa. Namba ya 2 inataka apewe nafasi ya kupanga nani atabaki na watoto kabla hajaingia, hata ikibidi kuingia kwake kucheleweshwe kwa muda unaofaa. Namba ya 61 inaruhusu hakimu kuangalia kwamba hana historia ya makosa, uzito wa kosa, na mzigo wa kutunza watoto. Hizi siyo sheria za kumfunga hakimu mikono, ila zinampa maneno ya kuandika kwenye hukumu, na sursis lazima iwe na sababu zilizoandikwa.

Msiweke kila kitu kwenye barua. Kwamba mama alibakwa, au anaishi na VIH (virusi vya UKIMWI), visiandikwe bila ruhusa yake na bila haja: dosiye inasomwa na upande wa pili, kisha habari inafika sokoni kabla yake. Kwa VIH kuna sheria kabisa, namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008. Kama afya ni hoja, leteni cheti cha daktari kinachosema tu kwamba anahitaji matibabu ya kila mwezi.

Kuhusu msaada wenyewe: msikimbilie mashine ya kushona. Kila shirika linatoa mafunzo ya kushona, na mji una washonaji wa kutosha. Anzeni kwa kuuliza franga zilienda wapi. Katika kesi za mwekahazina mara nyingi jibu ni hospitali, minerval (karo ya shule), au mume aliyezichukua kwa nguvu. Kama ni mume, mafunzo hayatatui kitu: anahitaji mahali salama, mtu wa kuzungumza naye, na kikundi kibadilishe utaratibu ili sanduku lisikae tena kwenye nyumba ile. Funguo tatu kwa watu watatu, hesabu isomwe mbele ya wote kila wanapokutana. Kama ni hospitali, tafuteni kwanza kama deni la hospitali bado lipo, kwa maana litamrudisha pale pale.

Uingereza walifika kwenye wazo kama hilo kwa njia yao: ripoti ya Baroness Jean Corston ya Machi 2007 ilitoa mapendekezo 43, mojawapo likiwa vituo vya wanawake vinavyoweka pamoja ushauri, madeni, nyumba, watoto na afya ya akili, badala ya kumtuma mama ofisi saba. Sisi hatuna jengo, lakini mtu mmoja anayemsindikiza mama kutoka Affaires sociales hadi hospitali ya Sendwe hadi barreau anafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Nauli ndiyo bajeti yenu ya kwanza.

---

ya_kampemba

Mie nitaongeza paka kitu kimoja tu: franga ya caution. Haipewe mutu mu mukono, hata akuambie «nitakupelekea ku greffe (ofisi ya karani wa mahakama)». Mwende benyewe, mulipe fasi bale ba greffe banawaonyesha, mukamate preuve (risiti), mufanye photocopie mbili, moja ibakie ku kikundi. Kama mama anafika ku kila kikao, ile caution inarudishwa ku mwisho. Asiye na preuve hana kitu. Na mulango wa gereza, sheria haina bei ya kumuona mufungwa.

---

probesheni_nakuru

Salamu kutoka Kenya. Kwa vile mama ametaja kazi za jamii, nieleze zinavyokwenda huku, ili mkija kuzidai kwa wabunge wenu mjue pia zinapokwama.

Sheria yetu ya Community Service Orders (amri za kazi za jamii) ni ya 1998. Inahusu makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3, au ambapo mahakama inaona kifungo kinachostahili hakizidi hapo. Kabla ya amri, afisa wa probesheni anaandika ripoti ya kijamii: anafika nyumbani, anaongea na familia, chifu, na mlalamikaji. Kazi haina malipo na ni ya umma: shule, hospitali, barabara, kupanda miti, kutunza vyanzo vya maji. Tanzania wana sheria yao ya 2002.

Amri za wanawake huvunjika kwa sababu ambazo ripoti nzuri ingeziona. Anapangiwa kituo cha mbali, nauli ya kwenda inakula chakula cha watoto. Anapangiwa asubuhi, na asubuhi ndiyo soko. Anakuja na mtoto mgongoni, msimamizi anamrudisha bila kuweka saini kwenye karatasi ya mahudhurio, na mahakamani inaonekana hakuja. Anapewa kufagia uwanja mbele ya majirani na anaacha kuja kwa aibu. Tiba ni ya kawaida sana: kituo cha kufika kwa miguu, saa chache zilizogawanywa kwa siku nyingi, kivuli cha kumlaza mtoto, na msimamizi mwenye majina mawili ya mbadala wa kusaini siku hayupo.

Nakubaliana na dada wa Ruashi kuhusu mdhamini. Huku pia, ripoti inayosema «anaishi na mjomba» bila kumtaja mjomba na bila kumwona haisaidii mtu.

---

mama_wa_katuba

Nimeelewa. Maswali mawili ya mwisho. Msichana wa miaka 16 aliyeiba simu, je? Na mama ambaye tayari yuko Kasapa (gereza la Lubumbashi), amehukumiwa miezi 24?

---

avoka_kamalondo

Msichana wa miaka 16 haendi tripaix wala Kasapa. Sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inampeleka tribunal pour enfants (mahakama ya watoto), na hapo hakimu anachukua hatua za kumlinda: karipio, kumrudisha kwa wazazi, kumweka kwenye familia au kituo. Sheria hiyo inaruhusu pia médiation (usuluhishi). Chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia hata kidogo. Kinachokwama ni umri: hana acte de naissance (cheti cha kuzaliwa), OPJ anaandika «miaka 18» kwa kumtazama. Pelekeni haraka karte ya chanjo, cheti cha ubatizo au bulletin ya shule, chochote chenye tarehe ya kuzaliwa.

Mama wa miezi 24: libération conditionnelle (kuachiliwa kwa masharti kabla ya muda kwisha). Anastahili akimaliza robo ya adhabu, mradi muda aliokaa ndani uwe umepita miezi 3. Kwa miezi 24, robo ni miezi 6. (Kwa aliyepewa miezi 8 robo ni miezi 2, lakini bado anasubiri ile mitatu ipite.) Siku za détention préventive zinahesabiwa zote. Uamuzi ni wa waziri wa sheria, baada ya maoni ya parke na ya mkuu wa gereza, kwa hiyo dosiye inasafiri hadi Kinshasa na inachukua muda. Anzeni kuikusanya mwezi wa tatu, msingoje wa sita. Msisahau pia kwamba kukaa ndani si kusubiri tu: Septemba 2020, wakati wa vurugu za Kasapa, wanawake wengi waliofungwa walibakwa kwa siku kadhaa.

Ndani ya dosiye wekeni nakala ya hukumu, ushahidi kwamba ana pa kukaa akitoka, risiti za fidia iliyolipwa hata kama ni kidogo, na karatasi za watoto. Hakikisheni kwenye register ya gereza tarehe ya kuanza ni ile ya kukamatwa iliyo kwenye procès-verbal (hati ya maelezo ya OPJ). Mara nyingi wanaandika siku aliyofika Kasapa, na zile alizolala kasho ya OPJ na ya parke zinapotea. Ombeni nakala ya procès-verbal kwa greffe ya tripaix, ipelekeni kwa greffe ya gereza, na msiondoke kabla hawajasahihisha.